Picha Inayochelewa

4 Februari

Kaka Komredi,

Runinga yetu imekufa. Haikufa kishujaa kama mnavyopenda ninyi watu wa migomo. Ilianza na mstari mmoja wa kijani, ikaongeza wa pili, na jana, nikiwa mbele kwa mabao mawili kwa moja, skrini ikawa nyeupe pe. Tukahesabiwa tumekimbia uwanja. Mimi, nikimbie!

Baba amesema atanunua nyingine kabla ligi yetu ya mpira wa mtandaoni haijaanza mwezi Machi. Ninachoogopa ni kwamba atachagua runinga kama anavyochagua kitambaa, kwa kukisugua kati ya vidole viwili. Wewe ulisoma elektroniki miaka mitatu kabla hujahamia masomo ya kuta na makufuli. Tushauri. Kubwa kiasi gani? Hizo nukta wanazotangaza zina maana yoyote, au ni maneno ya kuuzia?

Usiseme ni mchezo tu. Wachezaji wenzangu kumi wananijua kwa sauti peke yake. Hawajui kwamba nahodha wao hajasimama kwa miguu yake tangu alipokuwa na miaka kumi na mitatu. Miguu nilishaisamehe. Daktari alisema ugonjwa huu mara nyingi huiacha mikono, na kwa mikono hiyo nimefunga mabao mia mbili na kumi na saba. Fainali ni Juni. Nataka niwe uwanjani.

Najua siku hizi kuandika kunakuchosha. Andika hata kidogo.

Dada yako,
Nahodha

15 Februari

Nahodha, dada yangu mpiganaji,

Hatimaye, swali lenye jibu! Kwa miezi kumi na moja nimeulizwa humu maswali yasiyo na majibu: nani alikutuma, nani aliandika mabango, kwa nini wanafunzi elfu mbili walikaa chini barabarani uliposema "kaeni". Wewe umeniuliza runinga. Nisikilize basi.

Kwanza ukubwa. Usikubali mtu yeyote akuambie kwamba kubwa ndiyo bora. Uongo huo umebeba tawala nyingi. Mwambie Baba achukue futi yake ya kushonea apime kutoka machoni pako, ukiwa kitini, hadi ukutani. Ikiwa ni mita mbili au zaidi kidogo, inchi hamsini na tano zinatosha. Ukizidisha, shingo itageuka huku na huku kumtafuta winga wako, na winga hatangoja.

Pili nukta. Picha ni umati, Nahodha. Runinga ya zamani ilikuwa na nukta milioni mbili. Hizi mpya zina milioni nane. Mashine yako ya michezo ni ya zamani, itatoa milioni mbili tu na runinga itajaza pengo kwa kubahatisha. Nunua ya milioni nane hata hivyo. Hatununui kwa ajili ya jana.

Tatu, na hapa ndipo watu huibiwa mchana kweupe: ubora wa picha. Runinga dukani ni kama mgombea wakati wa kampeni. Hung'aa kupita kiasi, na hakuna anayeiuliza itafanya nini ikifika nyumbani. Muuzaji azime taa, aweke picha yenye giza. Ikiwa nyeusi inaonekana kijivu, ondokeni. Asiyeweza kuonyesha giza hawezi kuonyesha nuru.

Askari anayesoma barua zetu, tunayemwita Mhariri, amesoma kurasa za mwanzo za barua hii, akaniita leo. "Hii inchi hamsini na tano ni mafumbo ya nini?" Nikamwambia, "Ni runinga, afande." Akaikunja barua polepole, akasema, "Na mimi nina mpango wa kununua. Sebule yangu ni mita tatu." Mapinduzi, dada yangu, huanzia popote.

Nakuandikia karatasi zikiwa zimeniishia. Hii ni ya mwisho, nimeazima.

Kaka yako katika mapambano,
Komredi

3 Machi

Komredi,

Barua yako ilikuwa kurasa nne! Baba aliisoma mara mbili, akacheka mahali pa mgombea.

Tulikwenda sote. Baba aliingia dukani na futi shingoni, akaanza kupima skrini moja baada ya nyingine. Muuzaji akamwambia, "Mzee, hapa hatushoni suti." Baba akajibu, "Hata suti, kijana, mtu hupimwa kwanza." Yule kijana alishupalia ya inchi sitini na tano: "Chukua hii, mzee, utaona mpaka jasho la mchezaji." Baba: "Jasho nalijua, natoa langu kila siku." Tukachukua hamsini na tano. Taa zilizimwa, nyeusi ikawa nyeusi.

Picha yake, kaka! Nyasi zinaonekana jani kwa jani. Nilikaa dakika nzima sijaanza mechi, natazama nyasi.

Ila kuna jambo. Inachelewa. Nikibonyeza kupiga, mchezaji hufikiri kwanza, kama mtu aliyeulizwa umri wake. Mpira unakuwa umeshachukuliwa. Tumefungwa mechi mbili za kwanza. Je, runinga inaweza kuchelewa?

Nahodha

12 Machi

Nahodha,

Inaweza! Na adui nimemjua kabla sijamaliza kusoma sentensi yako.

Kikulacho ki nguoni mwako. Ndani ya hiyo runinga mna kiwanda kizima kinachoipamba picha: kinalainisha mwendo, kinakoleza rangi, kinachonga kingo. Kazi hiyo huchukua muda. Kidole chako kimeshaamua, amri imeshatoka, lakini picha iko saluni inapakwa poda. Kwa mtazamaji wa habari si neno. Kwa mchezaji ni kifo.

Ingia kwenye menyu, tafuta mipangilio ya picha, chagua hali ya mchezo. Mapambo yote yatazimwa. Picha itapoteza uzuri kidogo, na itakutii. Kati ya uzuri na utii wa chombo kwa mwenye nacho, mimi nimeshachagua tangu zamani.

Niandikie matokeo. Nimewaeleza wenzangu wa selo. Mmoja, dereva wa lori, ameapa kwamba tutashinda mechi ya tatu. Tunaifuatilia ligi yako humu kama tuliovaa jezi. Jana nimekula chakula chote.

Komredi

28 Machi

Kaka,

Nimefanya ulivyosema. Imekuwa bora kidogo, halafu imerudi palepale. Tumepata sare moja. Mwambie dereva wa lori sare ni nusu ya ushindi. Golikipa wetu ananiambia, "Nahodha, mtandao wako mbovu, hamia kwa jirani." Nimemkubalia kwamba ni mtandao. Lakini nadhani ni runinga. Labda ni mbovu tangu kiwandani?

Niambie la kufanya. Ukieleza wewe, hata uchelewaji unanoga.

Nahodha

6 Aprili

Nahodha,

Basi na irudi ilikotoka!

Nimeambatanisha barua rasmi kwa mwenye duka, kurasa tatu, yenye hoja saba. Baba aisome kwa sauti mbele ya wateja wengine, asinong'one. Mnunuzi anayenong'ona ameshashindwa. Hatuombi hisani, tunadai chombo kinachofanya kile tulichoahidiwa. Wasipowapa, kaeni chini mlangoni. Wewe umekaa tayari, umewatangulia.

Badala yake mchukue ndogo, inchi arobaini na tatu, yenye skrini inayobadilika mara mia na ishirini kwa sekunde na si sitini. Nyeusi yake haitakuwa nzuri kama ya kwanza. Tutapoteza giza, tutapoteza ukubwa, tutapata kasi. Kila ushindi una kinachoachwa nyuma.

Mhariri amesoma hoja zangu saba, akaniambia nimekosea moja tu: ningeanza na ya tano. Nimeanza na ya tano.

Usikate tamaa. Tatizo lolote lililotengenezwa na mtu lina mtu wa kulitengua. Hilo ndilo jambo pekee ninaloamini bado, na nililisahau kabisa mpaka uliponiuliza kuhusu runinga.

Komredi

20 Aprili

Mwanangu,

Tumebadilisha. Niliisoma barua yako kwa sauti kama ulivyoagiza. Nilipofika hoja ya nne wateja wawili walipiga makofi. Kijana wa duka akasema, "Mzee, mwanao ni wakili?" Nikasema ni mwanafunzi. Hakuuliza yuko wapi.

Tumeleta hiyo ya inchi arobaini na tatu. Rafu niliyokuwa nimeitengeneza imekuwa pana, si kitu. Dada yako amenyamaza kidogo, lakini anasema ni ligi. Anakula.

Mimi sijui mambo haya ya skrini. Nafuata barua zako. Zinanipa nguvu.

Baba yako

9 Mei

Kaka,

Hii mpya nayo inachelewa vilevile. Nisamehe. Tumefungwa mechi nne mfululizo.

Labda ni waya? Labda pedi ya kuchezea? Sitaki kukuchosha. Ukisema tuache, tutaacha.

Nahodha

17 Mei

Nahodha,

Tuache? Neno hilo umelipata wapi? Si nyumbani kwetu.

Sasa tunaacha kubahatisha na kuingia kwenye ushahidi. Hakuna tena "nadhani", hakuna "labda". Mwite fundi wa runinga aje na simu yenye kamera ya mwendo wa polepole, ile inayochukua picha mia mbili na arobaini kwa sekunde. Aiweke ione kwa pamoja kidole kwenye pedi na skrini. Jaribio la kwanza: ubonyeze, kisha ahesabu picha tangu kitufe kifike chini hadi mchezaji asogee. Zikiwa kumi na tano, runinga na mashine ni salama; zikiwa hamsini, nitaandika barua nyingine na safari hii nitaipeleka kiwandani. Jaribio la pili, kwa kulinganisha: skrini ikimulika, mtu abonyeze upesi awezavyo. Ufanye wewe, afanye na Baba, ili tujue kiasi gani ni cha binadamu na kiasi gani ni cha chombo.

Takwimu hazimwogopi mtu. Hazihongeki, hazikamatwi. Tukishapata namba, hakuna muuzaji atakayeweza kusimama mbele yetu.

Selo nzima inasubiri.

Komredi

2 Juni

Mwanangu,

Nimefanya ulivyoagiza. Nakuandikia polepole ili nisiruke kitu.

Fundi alikuja Jumamosi mchana. Jaribio la kwanza: kitufe kikifika chini, mchezaji anasogea baada ya picha kumi na nne. Alirudia mara tatu. Kumi na nne, kumi na nne, kumi na tano. Akasema, "Mzee, runinga hii ni nzima. Na ile mliyorudisha, kwa maelezo haya, bila shaka ilikuwa nzima."

Jaribio la pili nilitangulia mimi. Nina miaka sitini na miwili na runinga hunitia usingizi. Skrini ilimulika, nikabonyeza baada ya picha sabini na moja. Kisha dada yako. Mia moja na arobaini na sita. Fundi akadhani amekosea kuhesabu, akaicheza video taratibu mbele yetu. Kilionekana kila kitu. Skrini inamulika. Kidole gumba chake kinashtuka papo hapo, mapema kuliko changu. Kisha kinaanza kushuka. Kinashuka, kinatetemeka, kinasimama njiani, kinashuka tena. Fundi alizima simu kabla hakijafika. Nilimwambia akae anywe chai, akasema ana kazi sehemu nyingine.

Jumatatu tulikwenda kwa daktari. Zamu yetu ilikuwa Agosti, lakini alitupokea. Amemshika mikono muda mrefu. Amesema ugonjwa umeshuka mikononi, na si jana. Ipo dawa ya kuupunguza mwendo, ila hufanya kazi misuli ikiwa bado na nguvu ya kulindwa. Akauliza, "Mlianza kuona lini?" Nikasema sijui. Akasema, "Mngekuja Februari au Machi, ningekuwa na la kuwapa." Atampa hiyo dawa hata hivyo. Hakuniahidi kitu.

Mwanangu, nilimdanganya daktari. Nilijua. Mimi ni mshonaji. Tangu mwaka uanze nimekuwa nikiyapanua matundu ya vifungo vya mashati yake. Nilimwona anahangaika na kifungo cha kola, nikalikata tundu uzi mmoja zaidi. Baada ya wiki mbili, uzi mwingine. Mwezi wa tano nikaviondoa vifungo vyote nikaweka zipu yenye pete kubwa. Akaniambia, "Baba, umeanza mitindo uzeeni." Nikasema ndiyo.

Kila nilipotaka kusema, ilifika barua yako ikisema ni runinga. Wewe umesoma kuliko mimi. Nilitaka uwe umesema kweli.

Baba yako

5 Juni

Kaka,

Barua hii nimeiandika siku tatu, kwa mkono wangu, kwa hiyo usiichekee hati.

Nilijua tangu runinga ile ya kwanza tuliyonunua. Siku ile ulipoandika kuhusu hali ya mchezo, niliweka pedi chini nikajaribu kubonyeza kalamu ya kubofya. Kalamu haina nukta milioni nane. Kalamu nayo ilichelewa.

Utauliza kwa nini sikusema. Desemba uliandika mistari mitatu. Januari hukuandika, na aliyetoka humo alimwambia Baba kwamba umegeukia ukuta na chakula chako wanakula wengine. Runinga ilipokufa nikakuuliza jambo la kweli, na ukajibu kurasa nne. Nne! Nilikusikia. Ulirudi kuwa yule kaka anayesimama juu ya meza. Nikaona kwamba nikisema "ni mkono" utarudi ukutani, na nikisema "ni runinga" utakula. Nikasema ni runinga. Nilidhani nakukopesha wiki chache tu.

Sikujua kuhusu dawa. Naapa sikujua kwamba wiki zile zilikuwa na thamani nyingine.

Unahodha nimempa golikipa. Nilimwambia mtandao wangu umeshindikana. Akasema, "Pole, kiongozi, utarudi." Nikasema, "Bila shaka."

Sikulaumu, halafu nakulaumu. Ulisoma miaka mitatu, unajua kila kitu kinachoweza kuharibika ndani ya chombo. Katika barua zote hizo hukuuliza hata mara moja: Nahodha, mkono wako vipi? Nilikuwa naingoja hiyo sentensi. Kila bahasha niliifungua nikiitafuta. Ungeuliza, nisingeweza kukudanganya.

Usiniandikie tena kuhusu runinga.

Dada yako

14 Juni

Dada,

Nimeiandika barua hii mara sita. Ya kwanza ilimshambulia daktari. Ya pili ilishambulia hospitali inayopanga zamu kwa miezi, ya tatu serikali, ya nne kiwanda. Ya tano ilimshambulia Baba, nami naona haya kukiri. Zilikuwa nzuri. Mhariri angezisifu. Nimezichana.

Maisha yangu yote nimejifunza kuuliza swali moja: nani amelifanya hili? Nikimpata, najua pa kusimama. Humu nimelala sakafuni na namba za Baba. Kumi na nne. Sabini na moja. Mia moja na arobaini na sita. Nimezipitisha kwenye kila hoja ninayoijua, na kila mara zinafika mahali ambapo hakuna mtu. Kuna msuli tu unaokwisha. Hauna ofisi. Hauna mlango wa kukaa chini mbele yake.

Kisha nikamwona mtu mmoja. Yumo katika kila barua, anashangilia. Sikuuliza kuhusu mkono wako kwa sababu mkono haungenipa cha kupigana nacho. Runinga ilinipa. Machi na Aprili ilikuwa miezi mizuri kuliko yote niliyokaa hapa. Niliamka nikiwa na kazi. Sasa najua nilikuwa nakula nini. Nilikuwa naila mikono yako, na nilikuandikia kwamba nimemaliza chakula chote.

Dereva wa lori ameniuliza matokeo ya ligi. Nimemwambia nahodha ameumia. Akasema, "Atapona lini?" Yeye ni mtu mwema, hakurudia swali.

Sina ushauri. Imebaki miezi saba nitoke, kama hawatabadili mawazo. Sijui nitakuta nini. Mkono wako vipi? Najua nimechelewa kuuliza. Nauliza.

Kaka yako

29 Juni

Mwanangu,

Barua yako imefika jana. Nilimsomea, kwa sababu kushika karatasi kumekuwa kazi. Alisikiliza hadi mwisho, akaniomba niirudie sehemu ya mwisho, nikairudia.

Leo ilikuwa siku ya fainali. Timu yake ilicheza na yeye akatazama. Siku hizi mashine inakubali mtu atazame tu. Nilimsogezea kiti hadi kwenye ile alama ya mita mbili niliyoichora nilipopima kwa futi. Mikono yake niliiweka juu ya mto, ndivyo anavyopenda. Walishinda tatu kwa mbili. Golikipa aliandika pale pembeni ya skrini, "Nahodha, umeona?" Nikamuuliza dada yako nijibu nini. Akasema niache.

Kuhusu swali lako nilimngoja asubuhi yote. Sikutaka kukujibia mimi. Jioni kabla sijafunga bahasha nilimuuliza tena nikuandikie nini. Alikuwa bado anatazama uwanja, wachezaji wameshaondoka, zimebaki nyasi.

Amesema nikwambie runinga ni nzuri.

Baba yako